Shato ya kando ya Rusizi

Nianze na doa, juu kila mtu anayeona hii picha anauliza doa kwanza. Ile alama ya kahawia upande wa kushoto, chini ya ukuta, sio kivuli, sio matope, na sio stili yangu mpya kama vile rafiki mmoja aliandika kwenye grupe ya WhatsApp. Ni kahawa. Mama mkubwa aliniletea kikombe pale nje, nikakiweka juu ya kayee, daftari langu la kuchorea, bila kuangalia, basi. Nilijaribu kulitoa na mkate laini, likakataa, kisha nikalizoea, na leo hata ukinilipa nilitoe sitaki.

Picha yenyewe ni ndogo, nusu ya karatasi ya kayee, kreyo tupu, yaani penseli, na rangi ya maji kidogo niliyoongeza nikisharudi Goma. Inaonyesha nyumba ya zamani, ya wakati wa Wabelgiji, iliyobomoka, imekaa kwenye mteremko pale Bukavu, mashariki ya Kongo, ambapo ziwa Kivu linaachilia maji yake yaingie mto Rusizi, na ng'ambo ni Rwanda. Nyumba haina paa tena. Pembeni iko na mnara wa mawe uliokuwa unabeba tanki la maji, na kwetu mnara wa maji tunauita shato, neno la Kifaransa ambalo pia ni ngome ya mfalme, kwa hiyo watu wa pale wameishia kuita nyumba nzima Shato, na watoto wakisikia hilo jina wanaamini kabisa kwamba palikaa mfalme. Sitasema ni avenyu gani. Parsele, yaani kiwanja, iko na kesi, familia mbili zinavutana miaka, na mi sitaki mtu apeleke mchoro wangu kwa mahakama kuonyesha uzio ulipita wapi.

Ilikuwa mwezi wa nne 2022. Nilitoka Goma na boti ya usiku kwenda ndoa ya binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Boti ya usiku, kwa wasioijua, nusu unalala, nusu unasikiliza mtu anayekoroma, nusu unachunga viatu vyako, najua hizo ni nusu tatu lakini waliopanda wananielewa. Asubuhi unatoka nje na baridi na Bukavu inakuja polepole, kwanza zile rasi zinazoingia ndani ya ziwa kama vidole vya mkono, halafu mabati kwenye vilima, halafu kelele. Ziwa liko kwenye mita karibu 1460 juu ya bahari, kwa hiyo ukungu wa asubuhi sio mchezo, unalala juu ya maji kama blanketi na jua linahangaika nao hadi saa tatu.

Na kayee nilikuwa nayo mfukoni juu ya mzee mmoja wa London aliyekufa 1851.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Wenye kunifuata mnajua mi ni mchoraji wa mabango. Vichwa vya watu ukutani kwa kinyozi, simu na sim kadi kwenye vibanda, kuku wa kuchoma, na gorila. Gorila ni wa kuuzia wageni wa mashirika, gorila mmoja analipa kodi ya mwezi, Mungu ambariki. Sasa 2020 wakati wa korona hakuna aliyekuwa anaagiza bango, hakuna mgeni wa kununua gorila, nikawa namaliza mega zangu zote za intaneti kuangalia kayee za safari za mchoraji Mwingereza Joseph Mallord William Turner. Huyu alipokufa aliachia taifa la Uingereza kazi zake, na ndani iko karibu kayee 300 alizokuwa anatembea nazo, na jumba la sanaa la Tate limeziweka kwenye intaneti ukurasa kwa ukurasa, bure, hata ile kurasa yenye mstari mmoja tu wa kilima na hakuna kingine. Nilikuwa nazipenda hizo za mstari mmoja kuliko picha zake kubwa za meli na moto. Nilipoanza kusoma maisha yake nikakuta baba yake alikuwa kinyozi, na kwamba mtoto akiwa bado mdogo baba alikuwa anatundika michoro yake pale anaponyolea ili wateja wanunue. Nilicheka peke yangu usiku. Kazi yangu ya kwanza ya pesa nayo ilitundikwa kwa kinyozi, tofauti ni kwamba mi nilichora vichwa vilivyonyolewa na yeye alichora makanisa.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kreyo. Mtu mwenye rangi kama zile, ungefikiri anakaa mbele ya kilima na sahani ya rangi anapaka. Hapana. Akiwa Italia mwaka 1819, kijana mmoja Mwingereza aliandika nyumbani kwamba Turner alikataa kupaka rangi nje juu inakula muda, kwa muda wa kupaka moja yeye anafanya za kreyo 15 au 16. Hesabu ya mtu wa mabango kabisa. Rangi alikuwa anaibeba kichwani hadi nyumbani. Mwaka 1817, vita vya Waterloo vikiwa vimeisha miaka miwili tu na Waingereza wameanza tena kutembea Ulaya, alikwenda mto Rhine, ule wenye ngome zilizobomoka kila kona, akajaza kayee, na zikatoka picha 51 za rangi ya maji ambazo rafiki yake Walter Fawkes alizichukua zote. Zote! Mi nikiuza mbili kwa mtu mmoja napiga simu kwa mama.

Lakini ya Rhine niyaache, juu ngome iliyonikaa kichwani ni ingine, ndogo, inaitwa Norham.

Norham ni kijiji kando ya mto Tweed, na pale mto ndio mpaka, upande huu Uingereza, upande ule Scotland. Watu wa Bukavu hapa mnaanza kunielewa. Ngome ilianza kujengwa 1121 na Ranulf Flambard, askofu wa Durham, ndiyo, askofu, siku zile maaskofu walikuwa na kuta na askari. Waskoti waliizingira mara kwa mara. Mwaka 1513 mfalme wao James IV aliipiga na mizinga mpaka akaichukua, na siku chache baadaye, tarehe 9 mwezi wa tisa, akafa yeye mwenyewe kwenye vita vya Flodden, si mbali na hapo. Ikatengenezwa tena, ikaanza kuoza tena, halafu 1603 ikatokea kitu ambacho mizinga haikuweza: mfalme wa Scotland akarithi na kiti cha Uingereza, watawala wawili wakawa mtu mmoja, na ngome ya kulinda mto ikakosa mtu wa kumlindia. Hakuna aliyekuja kuibomoa. Iliachwa tu, mvua ikafanya kazi yake. Nilimweleza binamu yangu hii habari usiku wa kuamkia ndoa, yeye alikuwa anapiga pasi shati, akasimamisha pasi, akasema, "Kumbe ngome inaweza kufa juu ya amani?" Karibu aunguze shati.

Turner alipita pale mara ya kwanza 1797, kijana wa miaka 22, na kreyo. Alirudi London akatengeneza picha ya rangi ya maji, ngome juu ya mwamba, jua la asubuhi liko nyuma yake, ng'ombe wanakunywa mtoni, akaionyesha 1798 Royal Academy, chuo cha wachoraji cha London, na watu wakaipenda. Alirudi Norham 1801. Akaichora tena ya kuchapwa, akaichora tena kwa picha za mito ya Uingereza. Mwaka 1831 alikuwa anapita tena pale na Robert Cadell, mchapishaji wa Edinburgh, walikuwa kwenye mambo ya vitabu vya Walter Scott, na walipofika mbele ya ngome mzee alivua kofia akainama. Cadell akamuuliza unamsalimia nani. Akajibu kwamba kuchora Norham ndiko kulikomfungulia kazi, tangu siku ile hadi leo mikono haijakosa cha kufanya. Mi ile ya kofia inanigusaka kuliko picha yenyewe. Kuna bango langu la kinyozi pale Birere, hapa Goma, nikipita na moto, yaani pikipiki, namwambia motari punguza kidogo.

Halafu karibu 1845, mzee wa miaka 70, akachora Norham ya mwisho, turubai ya karibu sentimita 91 kwa 122. Ukiiona kwenye simu utafikiri mtandao umekwama picha haijafunguka yote. Ngome imekuwa bonge la bluu tu, ukungu, hakuna dirisha hata moja, hakuna jiwe. Jua la manjano. Mto hauna mwisho. Na mbele, kwenye maji, ng'ombe mmoja wa kahawia. Hakuimaliza, hakuionyesha mtu, watu wakaja kuiona hadharani 1906, yeye amelala kaburini miaka 55. Kutoka 1797 hadi hapo alikuwa anatoa vitu, jiwe moja moja, na ng'ombe akabaki. Kwa nini ng'ombe, sijui niseme nini, naona tu angemtoa na yeye basi picha ingeruka kama puto.

Sasa na kichwa kimejaa hiyo, njo nimefika Bukavu.

Sisi watu wa Goma magofu hatuyatafutaki. Volkano ya 2002 ilituachia ya kutosha, kanisa kuu lenyewe lilibaki kuta katikati ya mawe meusi, na 2021 Nyiragongo akarudi tena upande wa Buhene. Lakini gofu la lava ni jeusi, limekatika ghafla, hata likikaa miaka 20 linaonekana kama ajali ya jana. Gofu la Bukavu ni la mvua. Linaoza polepole, linavaa majani, ukuta unakuwa kijani kabla haujaanguka. Siku moja baada ya ndoa, kichwa bado kizito, mama mkubwa ananiambia, "Papa, kama unataka kuchora, si uende hapo chini kwa Shato, ni dakika mbili." Yeye ananiitaka papa tangu utotoni juu nimebeba jina la baba yake.

Nikashuka saa moja asubuhi. Nikakaa kwenye jiwe, kayee juu ya magoti. Na nikafanya kosa ambalo kila mtu wa mabango angefanya, nikaanza na matofali. Kwa bango ukisahau tofali mwenye duka anakuuliza kwa nini umeniibia ukuta. Nilipima na kreyo, mkono umenyooka, jicho moja limefungwa, madirisha ya juu manne, ya chini matatu na mlango, nikayaweka yote, nikachora mnara umesimama wima kama mlingoti, nikachora muparachichi mkubwa unaotoka ndani ya sebule pale paa lilipokuwa, jani kwa jani, nikachora ng'ambo, vilima vya Rwanda na mashamba yake, barabara, hata nguzo za umeme. Karibu saa nzima. Ilikuwa kazi safi na ilikuwa imekufa. Unajua picha ya kwenye paketi ya biskuti? Hiyo.

Njo askari akatokea.

Mpaka uko pale pale, kwa hiyo sishangai, na mi mwenyewe ningetumia akili kidogo ningeomba ruhusa kwanza. Alikuwa mtu mzima, ametulia, hakupiga kelele.

"Unafanya nini hapa?"

"Nachora Shato, shefu."

"Leta nione."

Akachukua kayee, akaangalia muda mrefu, mrefu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuangalia kazi yangu bila kulipa. Akaweka kidole kwenye vilima. "Na huku ni kwa nani?"

"Ni ng'ambo, shefu."

"Ng'ambo unamchorea nani? Na hizi nguzo?"

Hapo ulimi ukakauka. Nilitaka kumweleza habari ya William Hogarth, mchoraji mwingine wa London kabla ya Turner, ambaye 1748 alikuwa anachora lango la mji wa Calais kule Ufaransa na wakamkamata kama mpelelezi, akafukuzwa arudi kwao, na akarudi akalipiza kwa kuchora picha nzima ya lile lango na kuwacheka Wafaransa, na yeye mwenyewe kajiweka pembeni anachora, mkono wa askari uko begani kwake. Lakini kuna habari ambazo hazimsaidii mtu aliyekaa kwenye jiwe mbele ya mtu aliyesimama na silaha. Nilinyamaza. Mama mkubwa ndiye aliyeniokoa, alikuwa anashuka na kikombe cha kahawa, akaona, akaongeza mwendo na kanga inapepea.

"Shefu wangu, jambo! Huyu ni mtoto wa mdogo wangu, ametoka Goma kwa ndoa. Anachoraka tu, hana baya."

"Mama, mi sina shida na yeye. Shida ni ng'ambo."

Wakajadiliana. Mi nilikaa kama mzigo unaobishaniwa bei. Mwisho wake akachana ile kurasa, taratibu, kwenye mstari, akaikunja mara nne akaiweka mfukoni, akanirudishia kayee. "Dakika tano. Nyumba tu. Ng'ambo usiiweke." Halafu akiwa amegeuka kuondoka akasimama, akasema kitu ambacho hadi leo sijasikia mwalimu akisema vizuri hivyo. "Na ule mnara umeinama. Wewe umeusimamisha. Mi nauangaliaka kila siku, umeinama kwa mto."

Nikaangalia. Umeinama kweli! Saa nzima nimepima madirisha na sikuona mnara unaanguka. Mama mkubwa akasema uliinama siku ya tetemeko, tarehe 3 mwezi wa pili 2008, jumapili asubuhi, lile la 5.9, yeye alikuwa kanisani na benchi zilikimbia zenyewe, walipotoka nje Shato ilikuwa imebaki kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Dakika tano. Mtu akikupa dakika tano huhesabu matofali. Nilichora mstari wa mteremko, kwanza, kutoka kona hadi kona. Kisha mnara, umeinama, mstari mmoja mrefu na mmoja mfupi. Ukuta nikaupiga upande wa kreyo, sio ncha, upande, ukatoka kijivu kimoja chenye matundu mawili tu ya madirisha badala ya saba. Maji nikayaacha, mstari tu pale yanapoanza kukimbia, juu pale ndipo ziwa linageuka mto, unaona uso wa maji unakunjamana kama kitambaa kinachovutwa na mtu aliye chini, na kutoka hapo yana kilomita karibu 117 hadi Tanganyika. Na ng'ambo, kwa sababu shefu alisema isiwekwe, sikuweka. Karatasi nyeupe. Kahawa ilikuwa tayari imeshamwagika kwenye kona na sikuwa na muda wa kulia.

Akarudi, akaangalia saa, akaangalia picha. "Sasa umeinamisha," akasema, akaenda zake.

Rangi ilinishinda. Asubuhi ile kila kitu kilikuwa kijivu na mi nilitaka kujua nyumba ilikuwa rangi gani ilipokuwa nyumba. Nikamuuliza mama mkubwa, akakaa kwenye jiwe langu, mi nikasimama. Bibi yangu, mama yake, alikuwa anafulia watu wa pale, na yeye mama mkubwa akiwa mtoto alikuwa anabeba mashuka kutoka mtoni. Madirisha yalikuwa na milango ya mbao ya bluu, akasema, lakini sio bluu ya anga, bluu ya sare ya shule iliyofuliwa sana. Kuta zilikuwa nyeupe ya chokaa na chini zilikuwa nyekundu juu mvua inarusha udongo. Vigae vya paa vilitolewa kimoja kimoja, usiku, miaka, na ukipanda huko juu kwenye mitaa utavikuta vinashikilia mabati ya watu yasipeperushwe. Mbao za bluu hajui ziliishia wapi, anafikiri ziliiva maharage. Nikaandika yote kwenye kona ya picha kwa herufi ndogo, "bluu sare iliyofuliwa", "nyekundu hadi gotini", na bado yanasomeka ukiikaribia, chini ya doa.

Goma nilitaka kufanya kazi ya maana. Nilinunua kitambaa, nikakibana kwenye fremu ya sentimita 60 kwa 80, nikarudisha kila kitu, madirisha saba, vilima, mashamba, hata ndege wawili ambao hawakuwepo. Wiki mbili. Mke wangu alipita nyuma yangu akasema ni nzuri, kwa ile sauti anayotumia kwa chakula cha wageni. Nikaigeuza ukutani, na baadaye nikapaka gorila juu yake, na gorila aliuzika, kwa hiyo kuna mtu mahali fulani ana Shato ya Bukavu chini ya tumbo la gorila na hajui.

Kamchoro kadogo ndiko nilikachukua jioni moja umeme umekatika, mshumaa, boksi la rangi za watoto wa shule, lile la plastiki lenye rangi 12 ambalo nusu yake hazina kazi. Nilitumia tatu. Udongo kidogo chini ya ukuta. Kijani chafu pale majani yanapopanda. Na bluu, maji mengi bluu kidogo, nikaipitisha mara moja juu ya nyumba yote na mnara, sio kwenye madirisha tu, nyumba yote, kama vile ile bluu ya milango ilikuwa imeyeyuka ikaenea. Sikupanga. Burashi ilikuwa imelowa sana. Ng'ambo nikaacha nyeupe vile vile, na sasa kila mtu anayeiona ananisifu kwa ukungu, anasema umepata ule ukungu wa asubuhi wa Kivu kabisa, na mi najibu asante, siwaambii kwamba ukungu ule ni amri ya askari. Sasa nimesema.

Kuna watu wananiambia hii sio kazi imekwisha, ni majaribio, ongeza. Mmoja aliniambia mnara umekosea perspektivi. Huyo nilimwambia aende akauangalie kila siku, halafu tuongee. Mimi nitaendelea kuchora mabango na kila tofali kwenye mabango yangu litahesabika, mteja ni mteja, lakini kwenye safari sasa nimejiwekea dakika tano hata kama hakuna aliyenisimamia. Naweka simu ilie. Michoro mingi inatoka vibaya. Ya Sake, mji mdogo karibu na Goma, ilitoka kama kichuguu.

Nilipiga foto ya kamchoro nikamtumia mama mkubwa kwa WhatsApp. Alikaa siku nzima bila kujibu, nikafikiri hana mega. Usiku ikaingia sauti yake, sekunde 40, nyuma kuna redio na mtoto analia.

"Papa, nimeona. Ni pale pale. Hata baridi nimeisikia. Bluu umeweka nyingi lakini sio mbaya. Sasa niambie, muparachichi umeupeleka wapi? Muti mukubwa vile!"

Nikachukua taa nikatafuta kwenye karatasi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Haupo. Hakuna hata alama. Ndani ya zile dakika tano sikuukumbuka hata kidogo. Muparachichi wote, jani kwa jani, shina, matawi, uko kwenye ile kurasa ya kwanza, umekunjwa mara nne mfukoni mwa askari.

Nikamwandikia hivyo. Safari hii alijibu haraka.

"Basi kuja uuchore. Mwezi huu unazaa, na shefu mwenyewe njo anatuangushiaka."